Niliusikia Mguu wa Zawadi

Kamwene, wanangu. Mwezi uliopita mlikuja kwangu hapa Mjimwema mkiwa watatu, ninyi mnaoanza kufundisha ngoma, mkaniomba niwaandikie jinsi nilivyokuwa nawafundisha wachezaji wa ngoma kuruka. Mlitaka programu: Jumatatu zoezi hili, Alhamisi zoezi lile. Programu nitawapa, haina siri yoyote. Ila mtu akikupa programu ya kuruka bila kukuambia miguu ya nani ndiyo iliyomfundisha, mwogope. Mimi nilifundishwa na miguu ya watoto wengi, na mguu mmoja nusura unitoe kwenye kazi hii.

Kwa asiyenijua, nilikuwa mwalimu wa michezo wa sekondari hapa Njombe mpaka nilipostaafu. Jumatano jioni na Jumamosi nilikuwa nateremka Makambako, mtaa wa Lyamkena, kufundisha kikundi cha ngoma. Kikundi kilikuwa na watoto wa kila aina: Wabena wa huku kwetu, watoto wa wafanyabiashara waliotoka mikoa mingine, watoto wa madereva. Ngoma yao kubwa ilikuwa ya kuruka. Mstari mzima unanyanyuka pamoja na kutua pamoja, sauti moja, pu! Wakitua vizuri, mtazamaji anaisikia kifuani.

Sasa, mtoto wa huku amekua akipanda milima na ndoo kichwani. Pumzi anayo, anaweza kucheza mchana kutwa. Lakini kuruka si pumzi. Kuruka ni mguu kujikunja na kufyatuka kwa mara moja, na nguvu hiyo haiji kwa kucheza ngoma peke yake. Inabidi ifundishwe.

Mwaka wangu wa kwanza sikujua inafundishwaje. Niliwapanga uwanjani nikawaambia waruke kichura, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka jua lilipozama nyuma ya miti ya mbao. Nilijiona mwalimu kweli kweli. Kesho yake hakuna hata mmoja aliyeweza kuchuchumaa chooni. Mama mmoja alinifuata shuleni akiwa amejifunga kanga kiunoni, akaniuliza mbele ya walimu wenzangu, "Mwalimu, wewe unafundisha ngoma au unafundisha kuzeeka?" Wenzangu walicheka wiki nzima. Nilicheka nao, lakini aibu niliiona, kwa sababu jibu sikuwa nalo.

Aliyekuwa na jibu ni Mzee Haule. Alikuwa mtu wa Mlangali, Ludewa, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, akiishi kwa binti yake Makambako. Ujanani alikuwa mchezaji hodari, na goti lake la kushoto lilikuwa limekufa. Akikaa alilinyoosha mbele kama mwiko. Siku ya kwanza alipokuja mazoezini alichukua benchi, akaligeuza, akakaa akiwapa wachezaji mgongo. Akaanza kupukuchua mahindi ya kuchoma.

"Mzee, huwaoni ukikaa hivyo," nikamwambia.

"Warushe."

Nikawarusha. Akatafuna punje mbili tatu, akasema bila kugeuka, "Wa mwisho kulia anatua kama gunia la viazi. Na katikati hapo kuna mmoja anatua kwa visigino, mgongo wake utamdai."

Alikuwa sahihi kwa wote wawili. Akaniambia, "Kupaa hata chura anapaa. Mimi nataka kusikia mtu anavyorudi chini. Anayetua kimya ana misuli ya kumpokea. Anayetua kwa kishindo, anayempokea ni mfupa."

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza, wanangu. Alinifundisha nisimrushe mtu mwezi wa kwanza kabisa. Achuchumae taratibu na kusimama taratibu. Asimame kwa vidole kwenye ngazi ya mlango, ashuke polepole, mpaka kigimbi kiwe kigumu. Asimame kwa mguu mmoja anapopiga mswaki. Baada ya hapo ndipo ashuke kutoka juu ya tofali moja, tofali moja tu, atue kwa mbele ya unyayo, kisigino kifuate, magoti yaelekee vidole vya miguu vinakoelekea, asiyaache yakutane kama watu wanaosengenya. Abaki hapo hapo, ahesabu tatu. Akiweza kubaki, ndipo umruhusu kurukia juu ya kitu kifupi. Kurukia juu hakuumizi sana, kushuka ndiko kunakoumiza. Na mwisho kabisa, tena kwa aliyekomaa, ashuke na kufyatuka tena papo hapo.

Yote kwenye nyasi. Siku mbili kwa wiki, zisifuatane. Apumzike kati ya mruko na mruko mpaka aweze kukusimulia jambo bila kuhema. Na kwa baridi yetu ya Juni, msimwambie mchezaji avue sweta. Mpasheni mwili mpaka alivue mwenyewe. Akilivua mwenyewe, misuli iko tayari. Na kishindo kikianza kusikika, siku imekwisha, hata kama mmeruka mara kumi tu.

Mzee Haule alipoona nimeshika, alirudi Mlangali kwenye maharage yake. Nikabaki peke yangu.

Zawadi alikuwa binti wa Mzee Shabani, mwenye malori mawili ya kubeba viazi kwenda Dar es Salaam. Mzee Shabani alikuja Makambako kutoka Kondoa akiwa kijana, utingo, akapanda mpaka akawa mwenye gari. Ngoma hakuipenda. Ilinichukua safari tatu nyumbani kwake, na chai nyingi, kumfanya akubali. Zawadi alikuwa amemaliza kidato cha nne na alitaka kitu kimoja duniani: kuingia chuo cha sanaa. Mikono yake, shingo yake, jinsi alivyoisikia ngoma, vyote alijaliwa. Mruko tu ndio ulikuwa mfupi. Na usaili ulikuwa na sehemu ya mruko.

Tulikuwa na wiki sita. Wiki sita kwa mguu si kitu, na mimi nililijua hilo. Lakini nilikuwa nimeona video kwenye simu, wachezaji wa nchi nyingine wakishuka kutoka juu ya masanduku marefu na kupaa tena kama mipira. Nikaanza kupanga. Tofali likawa matofali mawili. Matofali yakawa kreti za soda. Kreti zikawa meza.

Sikuvunja kanuni za Mzee Haule kwa siku moja. Nilizivunja moja moja, na kila moja ilikuwa na sababu nzuri. Mvua ilinyesha, nyasi zikawa tope, nikahamishia mazoezi kwenye baraza ya saruji ya ghala moja la viazi. Siku mbili kwa wiki zikawa tatu, kwa sababu muda ulikuwa mfupi, nikawa natafuta ruhusa shuleni. Tatu zikawa nne, kwa sababu Zawadi mwenyewe aliomba. Na mruko ulikuwa unakua kweli! Wenzake walikuwa wanapiga makofi.

Jumamosi moja, siku kumi na nne kabla ya usaili, niliusikia mguu.

Kwa kawaida Zawadi alitua mara moja: pu. Siku ile alitua pu-pa. Mguu wa kushoto ulifika kwanza, wa kulia ukafuata, ukichelewa kidogo sana, kama mtu anayeingia kanisani ibada imeanza. Alikuwa anaukwepesha. Nikamtazama, akanitabasamia.

"Uko sawa?"

"Niko sawa, Madam."

Nikasema, "Haya, tena."

Wanangu, nataka mnielewe hapo. Si kwamba sikujua. Mchezaji mwenye usaili mbele yake atakwambia yuko sawa hata kama ana moto kwenye kiatu. Nililijua hilo. Nilipokea jibu lake kwa sababu ndilo nililolitaka.

Wiki iliyofuata sikuwa na raha. Nikifunga mlango wa darasa nasikia pu-pa. Nikikata kabichi jikoni nasikia pu-pa, nasimamisha kisu. Nilijiapiza kwamba Jumatano nitasema. Jumatano ikafika, nikaona ukingo wa bandeji nyeupe juu ya soksi yake ya kulia. Aliona kwamba nimeona, akaivuta soksi juu. Nikageuka kuangalia kreti kama zimekaa sawa. Nilijiambia ni misuli tu, ni siku chache tu, baada ya usaili atapumzika mwezi mzima. Ilikuwa jioni ya baridi kali, upepo wa Makambako unapiga kama kawaida yake.

Jumamosi ya wiki ile, mruko wa tatu, alishuka kutoka mezani na hakupaa tena. Alikaa chini taratibu, kama mtu aliyeamua kukaa. Hakupiga kelele. Alinitazama, akasema, "Madam, mguu umekataa."

Jirani mwenye gari alitupeleka hospitali. Zawadi alipigwa picha, na daktari, kijana wa rika lenu, aliinua ile picha dirishani akatuonyesha ufa kwenye mfupa wa ugoko.

"Hili halikuanza leo," akasema. "Mfupa ulikuwa umechoka muda. Alikuwa halalamiki?"

Aliniuliza mimi. Kabla sijasema chochote, Zawadi alisema kutoka kitandani, "Nilikuwa naficha, daktari. Madam hakujua."

Daktari akatikisa kichwa, akaandika. Na mimi nikanyamaza.

Mzee Shabani alikuwa Mafinga, gari lake lilikuwa gereji. Alisema kwenye simu kwamba anakuja. Nilikaa kwenye benchi la korido zaidi ya saa nzima nikimngoja, na sijawahi kukaa na saa ndefu namna ile. Njia ilikuwa imefunguliwa mbele yangu. Mtoto mwenyewe ameshasema sikujua. Daktari ameandika. Nikinyamaza tu, nitaitwa mwalimu mwema aliyefichwa ukweli na mwanafunzi wake. Kila gari lililosimama nje nilishtuka. Nilikwenda msalani mara tatu. Nilifikiria pensheni yangu, nilifikiria jina langu, nilifikiria watu wa Njombe watakavyosema. Halafu nikamfikiria Zawadi akiuguza mguu huku akiamini kosa ni lake.

Mzee Shabani aliingia na mafuta ya gari mikononi. Hakunisalimia, aliuliza tu, "Yuko wapi?"

"Yuko chumba cha pili, Mzee. Lakini kabla hujaingia, nina neno. Atakwambia kwamba alificha. Ni kweli alificha. Lakini mimi nilijua. Niliusikia mguu wake wiki nzima, na nikaona bandeji. Sikumsimamisha."

Nilitegemea kelele, nilikuwa nimejiandaa kwa kelele.

"Lori langu likianza kulia springi niko kwenye mteremko wa Kitonga," akasema polepole, "nasimama. Hata kama viazi vinaoza, hata kama kuna foleni nyuma inanitukana, nasimama. Na lile ni chuma, mwalimu. Wewe ulisikia mwanangu analia, ukasema twende?"

"Ndiyo, Mzee."

Akaingia ndani akaniacha pale.

Zawadi alifungwa plasta ngumu kutoka gotini mpaka karibu na vidole. Usaili ulipita bila yeye. Nilivunja mazoezi ya kuruka ya kikundi kizima, nikawaambia wacheze tu. Nilikuwa nimeamua kuacha. Kisha siku moja Mzee Shabani akanipigia: "Njoo nyumbani." Niliamini ananipeleka kwa mtendaji wa kata, au polisi. Nilivaa nguo zangu nzuri, kwa sababu mama yangu alituambia mtu akienda kushtakiwa aende msafi.

Nilimkuta amekaa barazani. Plasta ilikuwa imetolewa siku ile, na Zawadi alikuwa na mguu mwembamba kama wa mtoto.

"Daktari ameruhusu aanze mazoezi kidogo kidogo," Mzee Shabani akasema. "Ameandika hapa nini afanye na nini asifanye. Aliyebomoa ndiye anajua alipobomoa. Utamjenga wewe. Lakini mimi nitakuwa nakaa hapa nikiangalia."

Kweli alikaa. Kila Jumamosi aliyokuwa hayuko barabarani alileta kiti chake cha plastiki, akakaa, akatazama, bila neno. Mnajua kufundisha huku mtu anayekutazama ana haki yote ya kukuchukia? Nilikuwa nasahau hata kuhesabu.

Tulianza na kusimama kwa vidole, akiwa ameshika ukuta. Wiki nyingi hilo tu, halafu kuchuchumaa, halafu ngazi. Nilimpigia Mzee Haule nikamweleza yote. Akasema, "Nilikufundisha kusikia. Sikukufundisha kusema. Kosa langu na mimi." Kisha akaniambia nisikate tamaa kwa mtoto, na akaomba nimtumie kijana wa kumpelekea mbegu za viazi.

Siku ya kumshusha Zawadi kwenye tofali ilipofika, nilimwambia tungoje wiki. Wiki ikaisha, nikasema tungoje nyingine. Daktari alisharuhusu. Nilitafuta sababu: nyasi zina umande, viatu vimekwisha soli, leo kuna upepo. Wiki ya nne Zawadi alisimama mbele yangu, baba yake akiwa pale pale, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Madam, kwanza hukunisikiliza nilipoumia. Sasa hunisikilizi nilipopona."

Mzee Shabani alikohoa. Nilitaka ardhi inimeze. Binti alikuwa amesema kweli tupu. Hofu yangu ya kwanza ilikuwa ya kukosa usaili, hofu yangu ya pili ilikuwa ya kuvunja tena, na zote mbili zilikuwa zangu mimi. Yeye hazikumhusu.

"Basi nisaidie kukusikiliza," nikamwambia. "Ukisema uko sawa siamini. Ukisema hauko sawa naogopa. Tufanyeje?"

Akafikiri. Akanyoosha kidole kimoja. "Hiki ni kizuri kabisa. Vitano, nabebwa. Nitakuonyesha vidole kila nikitua, na wewe usiniulize tena kama niko sawa."

"Na vikifika vitatu?"

"Tunaacha. Wewe huruhusiwi kubisha, na mimi siruhusiwi kubisha."

Akapanda juu ya tofali. Nilishika shati langu mwenyewe kifuani. Akashuka. Pu, mara moja, kimya kama paka. Akahesabu tatu. Akanyoosha kidole kimoja juu, akamgeukia baba yake akamwonyesha na yeye.

Hicho ndicho mlichokuwa mnakiona nikifanya na kikundi siku zile, mkadhani ni mchezo wa watoto. Vidole vile ni vya Zawadi. Vitumieni. Mchezaji anaona haya kusema "naumwa" mbele ya wenzake, lakini kidole ananyoosha.

Tulikwenda hivyo mwaka karibu mzima. Mruko ulirudi, halafu ukapita ulipokuwa, bila meza na bila saruji. Meza haikuwahi kuhitajika, wanangu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Usaili uliofuata ulifanyika Iringa. Mzee Shabani na mimi tulikaa nje ya ukumbi. Hatukuwa na mazungumzo mengi. Alisoma gazeti moja kurasa zile zile. Tulisikia ngoma ndani, tukasikia namba zikiitwa, tukasikia ya Zawadi. Akaruka mara ya kwanza, nikaisikia. Ya pili. Ya tatu. Halafu kukawa kimya. Kimya kikawa kirefu. Mzee Shabani alikunja gazeti, akasimama, akakaa.

Mlango ukafunguliwa. Zawadi akatoka akitembea, amebeba viatu mkononi.

"Walitaka nirudie mara ya nne," akasema. "Vidole vilikuwa vimefika vitatu. Nimewaambia siruki."

"Wakasemaje?" baba yake akauliza.

"Hawakusema. Wameandika tu."

Nilijua nini huwa kinaandikwa mtu akikataa. Nilimkumbatia, nikamwambia amefanya sawa, na nilimaanisha, na wakati huohuo niliona chuo kinakwenda zake. Yote mawili yalikuwa kweli kwa pamoja.

Orodha ya kwanza ilitoka, jina lake halikuwemo. Alifanya kazi ghalani kwa baba yake akipima viazi, hakulalamika. Mimi nililalamika kwa niaba yake, jikoni, peke yangu. Wiki tatu baadaye chuo kikatoa orodha ya pili, ya kujaza nafasi zilizobaki. Mzee Shabani akanipigia. Hakusalimia.

"Jina lipo," akasema.

Nilimsikia akipumua, na nyuma yake lori likiunguruma.

"Mwalimu," akasema baadaye, "mdogo wake naye ameanza kusema anataka kucheza. Ana miaka kumi na mbili. Unasemaje?"

Ile hofu yote ikarudi, wanangu, kuanzia kwenye vidole vya miguu, kana kwamba haikuwahi kuondoka. Na haijaondoka mpaka leo. Ninyi pia ikiwashika msiifukuze.

"Mlete Jumamosi," nikamwambia. "Na aje ameshiba."